Pensheni na Safari ya Kheri

Nilipostaafu nilidhani kodi nayo itastaafu. Miaka ishirini na tisa nilifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nikikunja mashuka ya Waingereza waliokuwa wanazaliwa na mashuka ya Waingereza waliokuwa wanakufa, na kila mwezi serikali ilichota chake kabla mimi sijakiona changu. Sikulalamika. Nilijiambia, chota tu, siku moja nitazeeka na utanilisha wewe. Siku ikafika, ikaja na barua, na barua ikasema kwamba nitalipwa pensheni, na kwamba pensheni hiyo, ikichanganywa na kile kipensheni cha hospitali, itakatwa kodi. Mkono wa kulia unanipa, wa kushoto umeshakinga.

Barua ile alinisomea mume wangu. Barua zote za Kiingereza nyumbani kwetu alizisoma yeye, si kwa sababu mimi sijui kusoma, bali kwa sababu yeye anajua kusoma zaidi. Aliendesha basi hapa Landani miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo nadhani hakupata abiria hata mmoja aliyesema Kiingereza cha kumridhisha. Jioni alikaa mbele ya televisheni akimsahihisha msoma habari. Wazanzibari wa Kilburn walikuja kwetu na fomu zao, za paspoti, za shule, za kaunseli, ndiyo halmashauri ya mtaa, naye akawajazia kwa ule mwandiko aliofundishwa Unguja enzi za Waingereza, herufi zote zimelalia upande mmoja, zimenyooka safu kama watoto wa chuoni mbele ya bakora. Akimaliza aliipuliza fomu wino ukauke, ingawa kalamu yenyewe ilikuwa ya dukani, ya wino unaokauka wenyewe.

Fomu zangu mimi alizileta jikoni, akaweka kidole mahali na kusema, "Tia saini hapa." Nami nikatia. Katika miaka arubaini na kitu ya ndoa sikumbuki kusoma hata moja. Wanasema ndoa ni kuaminiana. Ni uvivu pia.

Yeye alistaafu miaka minne kabla yangu, na tokea siku ile akajipatia kazi mpya, nayo ni kuhama. Kuhama kwa mdomo. Kila asubuhi, chai haijapoa, alianza: kodi ya nyumba imepanda, kodi ya kaunseli imepanda, gesi imepanda, na mkate, "hebu utazame mkate huu, bibi wewe!", kana kwamba niliuoka mimi na bei nikaipanga mimi. Kisha akasema, "Kule." Kule ni Unguja. Kule hakuna baridi. Kule nyanya zina ladha ya nyanya. Kule mtu mwenye pensheni ya Landani anaishi kama sultani, alisema, nami nikamkumbusha kwamba sultani wa mwisho wa kule alikuja kuishi huku.

Ana nyumba Fuoni. Sisemi tuna, nasema ana, kwa sababu mimi niliisikia miaka mingi kabla sijaiona. Ilijengwa kwa ovataimu. Zamu za Krismasi zikawa msingi, zamu za mwaka mpya zikawa madirisha, na mwaka ule madereva wenzake walipougua mafua kwa wingi tukapata paa. Ilichukua miaka ishirini, na ukijumlisha likizo zetu zote, sidhani kama amelala ndani yake siku mia mbili. Nyumba ya baba yake, ya mjini, yenye baraza la mawe na ngazi ya mbao, ilichukuliwa baada ya Mapinduzi, naye akaondoka miaka michache baadaye na mkoba mmoja, kijana wa miaka ishirini na mbili. Hilo halitaji. Anataja bei ya mkate.

Na mimi nina langu. Mimi nililetwa hapa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, nimevaa koti la kuazima lililonuka naftalini. Unguja nilikuwa binti wa fulani, kisha nikawa mke wa fulani. Siku ya kukabidhiwa flati yetu ya kaunseli hapa Kilburn, mume wangu alikuwa zamuni, kwa hiyo yule mama wa ofisini akaanza na jina langu kwenye mkataba na ufunguo akanipa mimi. Ghorofa ya tatu, vyumba viwili, kimojawapo kikiwa chumba kwa maneno tu. Lakini ufunguo ule ndio kitu cha kwanza maishani mwangu nilichotiwa mkononi bila kupitia mkono wa mwanamume. Na flati ya kaunseli ukishairudisha umeirudisha. Foleni ya wanaoingoja ina watu ambao bado hawajazaliwa.

Basi vita vyetu vilikuwa hivyo. Yeye anataka akazeekee Fuoni, mimi nataka nizeekee ghorofa ya tatu, na kwa kuwa sote tulikuwa tumeshazeeka, muda haukuwa mwingi.

Binti yetu, ambaye anaelewa kila neno la Kiswahili na hajibu hata moja, alijaribu kutupatanisha. Alitutafutia kwenye simu yake mji mmoja huko kaskazini ambako, alisema, nyumba nzima yenye bustani inapatikana kwa bei ya mahali pa kuegesha gari hapa Landani. Nikamuuliza nani anakaa huko. Akasema watu wengi wanahamia. Nikamuuliza kama yeye anahamia. Akasema, "Mum, please." Mume wangu akasema kama ni kuhamia mahali asipojua mtu, alishafanya hivyo mara moja na inatosha. Siku ile tulikuwa upande mmoja, mimi na yeye, kwa muda wa kama dakika kumi.

Mwishowe akasema twende Rayners Lane tukamuulize mtaalamu. Mtaalamu mwenyewe ni mhasibu mstaafu, Mhindi wa Unguja aliyesoma darasa moja na mume wangu, na anakisema Kiunguja kwa raha kuliko wengi wanaojidai wenyewe wenye nacho. Anakaa nyuma ya maduka ya stesheni, na mtu haingii kwake akatoka bila kula kachori. Mume wangu akamwekea makaratasi yetu mezani: pensheni yake ya serikali, pensheni yangu, ile ya mabasi, ile ya kufulia. Jamaa akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Shemeji, sikiliza," aliniambia mimi, ingawa aliyeuliza ni mume wangu. "Mkibaki hapa, state pension inaongezwa kila mwaka. Mkihamia Spain, inaongezwa. Mkihamia Unguja, inaganda pale pale. Ile mtakayoondoka nayo ndiyo mtakayozikwa nayo."

"Inaganda vipi?" mume wangu akauliza.

"Inaganda, yakhe. Frozen. Kama nguru wangu mle." Akaonyesha friji kwa kidevu.

"Na kodi?"

"Kodi haigandi," akasema, akatusogezea sahani ya kachori.

Akatueleza zaidi, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufurahi. Kuna visiwa vya Karibi ambako mstaafu akihamia anaongezewa kila mwaka kama aliyebaki Kilburn. Visiwa vyetu havimo. Sote tulitawaliwa na watu wale wale, ila inaelekea wenzetu walitawaliwa vizuri zaidi. Kuna mzee mmoja tunayemjua sote, alirudi Mkunazini zamani kidogo kama mfalme, akinunulia watu juisi, na pensheni yake imebaki ile ile siku zote hizo huku kila kitu kikipanda. Siku hizi juisi ananunuliwa yeye.

Kwenye treni mume wangu aliyapanga upya makaratasi yetu magotini. Tulibadilisha treni Wembley Park, akaanza tena. Mimi nilikuwa napiga vigelegele moyoni, na Mungu anisamehe, sikuvificha vizuri. Nilipofungua mlango kwa ufunguo wangu nilimwambia, "Haya sultani, karibu kasri lako." Akaenda kulala bila kula.

Na kweli alinyamaza. Wiki nyingi hakusema "kule". Mkate ukapanda tena na hakusema. Nikajua nimeshinda.

Kisha ikaja habari njema kutoka Unguja kwamba mtoto wa dada yake anaolewa, na sote tunatakiwa, wiki sita. Mume wangu akasema lazima tuiarifu ofisi ya pensheni kwamba tunasafiri. Mimi sikuona ulazima wowote, lakini yeye ni mtu wa kuarifu ofisi. Akapiga simu sebuleni, nami nilikuwa jikoni nimefungua mfereji naosha mchele, kwa hiyo sikusikia kila kitu. Nilisikia "home". Nilisikia "yes". Nilisikia "thank you very much indeed", maana ile indeed haikosi. Baada ya siku chache ikaja fomu, akaileta jikoni na kidole chake.

"Ya nini?"

"Ya safari. Tia saini hapa."

Nikatia, mkono unanuka vitunguu.

Barua ilikuja Ijumaa, yeye yupo msikitini, na kwa kuwa nilikuwa nangojea barua ya kliniki ya goti langu, nikaifungua mwenyewe. Nilivaa miwani nikaisoma polepole. Ofisi ilitushukuru kwa kuiarifu kwamba tunaondoka Uingereza kabisa. Ilitutakia maisha mema kwenye makazi yetu mapya. Ilitueleza kwamba pensheni zetu zitaendelea kulipwa kwa kiwango cha leo, bila nyongeza ya kila mwaka. Siku iliyofuata ikaja ya kaunseli, maana ofisi za nchi hii zinapelekeana umbea kuliko majirani wa uchochoroni, nayo iliuliza tutarudisha funguo lini, na ikatukumbusha tuache jiko safi. Jiko! Miaka thelathini nimelisugua jiko lile kwa mikono yangu miwili, leo nakumbushwa.

Lakini kwanza ile Ijumaa. Mume wangu aliingia, akavua kofia, nikamtia barua mkononi kabla hajakaa.

"Bwana, umewaambia nini watu hawa?"

Aliisoma mara mbili. Akakaa. Akaikunja kufuata mikunjo yake ile ile.

"Yule msichana wa simu aliniuliza, 'Are you going home for good?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu, 'Yes, for good.'"

"Kwa nini, mtu mzima weye?"

"Nilidhani ananiuliza kama tunakwenda kwa kheri."

Kwetu, mtu akisikia unasafiri, la kwanza anakuuliza: kwa kheri? Maana safari za kwetu ni mbili, ya harusi na ya msiba, na muungwana hutaka kujua ni ipi ili ajue uso gani wa kukuonyesha. Nawe unajibu, kwa kheri, inshallah, anaolewa mtoto. Mwingereza naye akisema "for good" hana habari ya harusi wala ya msiba. Anauliza kama unakwenda moja kwa moja, usirudi tena. Mume wangu, mwalimu wa wasoma habari, alikuwa ametafsiri neno kwa neno.

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye zulia. Nilikuwa na hofu ya flati, nilikuwa na hasira ya pensheni, lakini kicheko kilitangulia. Yeye alikaa pale na barua yake akiningoja nimalize. Nilipomaliza nikainuka, nikachukua simu.

Nilimpigia binti yangu. Niliwapigia wenzangu wa kufulia. Nilimpigia shemeji wa Rayners Lane, ambaye kwanza aliuliza, "Yeye ndiye aliyekosea hivyo?", kisha akacheka kwa adabu. Nilipiga Unguja, na Unguja ikapiga Maskati, na Maskati ikapiga Milton Keynes, na kutoka Milton Keynes kisa kikanirudia mimi mwenyewe kikiwa kimenenepa. Kila nilipokisimulia nilikipamba. Mara ya tatu yule msichana wa simu alikuwa amewatumia maharusi pongezi. Mara ya tano mume wangu alikuwa amemwalika msichana huyo harusini.

Watu wakaanza kumsalimu njiani: "Mwalimu, for good?" Naye anainua mkono na kujibu, "For good." Kwenye maulidi moja ukumbi mzima ulimwitikia. Na polepole fomu zikaacha kuja kwetu. Watu walianza kuzipeleka kwa kijana mmoja aliyesoma chuo kikuu, ambaye anaandika kama kuku anaparura. Niliona, na nikasema ndiyo malipo ya majivuno. Hilo nalo nililisema mbele za watu, na yeye yupo.

Binti yetu aliiandikia ofisi ya pensheni kwamba simu haikueleweka, nayo ikatuita tukajieleze. Kaunseli ikasema itangoja jibu la ofisi kabla ya kuudai ufunguo. Barua ya wito ilieleza kwamba, kwa kuzingatia tatizo letu la lugha, tumeandaliwa mkalimani. Mkalimani! Mtu aliyewakalimania nusu ya Wazanzibari wa mji huu, mahospitalini na mahakamani, bila malipo, leo analetewa mkalimani. Nilicheka tena, ingawa safari hii nilikuwa peke yangu jikoni.

Nakumbuka asubuhi ile alinyoa vizuri, akavaa koti lake la kazini lililoondolewa beji. Usiku kucha sikuwa nimelala kwa kuuwazia ufunguo. Niliutia kwenye mkoba wangu na njia nzima nikawa naupapasa.

Mkalimani tuliyemkuta ofisini alikuwa kijana wa Kikenya mwenye tai, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi.

"Mzee, mama, shikamooni. Wanataka tu kujua kama mko sawa na Kiswahili."

"Sisi tuko sawa nacho," nikamwambia. "Sijui wewe."

Akacheka. Mume wangu hakucheka. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua, kila mara anaomba radhi anapenga kamasi, na nilimwona kama mtu mwema. Aliuliza, kijana akageuza, mume wangu akajibu kwa Kiswahili, macho mezani. Ndiyo, nilipiga simu. Ndiyo, niliulizwa hivyo. Nilidhani naulizwa kama ni safari ya kheri. Kijana alilieleza vizuri, na afisa akatabasamu, akasema kwamba hajapata kusikia jambo kama hilo. Nikashusha pumzi. Nikaona tumeshamaliza.

Ndipo akafungua jalada akatoa fomu, akaigeuza ili tuisome.

Sikuhitaji miwani kuujua mwandiko ule. Herufi zimelalia upande mmoja, zimenyooka safu. Palipoulizwa muda wa safari palikuwa na kisanduku cha wiki na kisanduku cha miezi, vyote vitupu. Pembeni yake alikuwa ameandika neno moja, refu, bila kufuta popote: permanently. Neno lile halina kheri ndani yake wala harusi. Lina maana moja tu, daima, na dereva wa miaka thelathini na moja anaijua. Chini, palipoulizwa sababu, alikuwa ameandika sentensi moja ya Kiingereza, nami niliisoma polepole kama nilivyosoma ile barua, na nikiiweka kwa lugha yetu ilisema: tumekaa ugenini vya kutosha. Chini kabisa palikuwa na saini yangu. Nikakumbuka vitunguu.

Kijana akasema, "Madam anasema hivi. Kwa simu mtu anaweza kusikia vibaya, hiyo anaelewa kabisa. Lakini hii form ni maandishi. Anauliza ni nani aliijaza."

Nilikasirika. Sitaki kujifanya kwamba jambo la kwanza lilikuwa huruma. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Alimsikia yule msichana wa simu vizuri. Alijua tunapoteza nyongeza ya pensheni, aliambiwa mbele ya sahani ya kachori, na alijua ufunguo wangu unakwenda, na alikuja jikoni akaweka kidole. Kisha barua ilipofika na akaniona nilivyosimama, akatunga lile la kheri papo hapo, akaniacha nikacheka. Miezi mitatu niliitembeza nchi nzima hadithi ile, na yeye anaijua, na anainua mkono na kusema "For good."

Akisema "mimi niliijaza," tumekwisha. Akisema hivyo pia atakuwa amesema kweli, na pengine atapata anachokitaka.

Alinitazama, mara ya kwanza tangu asubuhi. Nilikuwa nimeushika mkoba wangu kwa mikono yote miwili, na nadhani aliona nilichoshika ndani yake. Kisha akamgeukia yule afisa, si mkalimani, akasema kwa Kiingereza:

"Madam. Me, English no good. Friend, he write. Me not understand."

Alikisema vibaya hasa. Alikisema kama watu wale waliokuwa wakishika fomu zao mlangoni kwetu bila kujua zianzie wapi. Aliukana mwandiko wake, uliokuwa pale mezani unamtazama, na akauongezea tabasamu la mtu asiyeelewa, tabasamu nililokuwa nimeliona kwa wengine miaka yote lakini kwake kamwe. Yule kijana wa Kikenya aliangalia chini. Sijui kama alijua.

Afisa akanigeukia. Kijana akasema, "Mama, anauliza kama hiyo ni kweli."

"Ni kweli," nikasema. "Kiingereza chake kibovu. Siku zote kibovu."

Afisa akapenga kamasi, akaandika kwenye kompyuta, akasema itarekebishwa.

Tulingoja basi kwenye kituo cha barabara kuu. Ukutani palikuwa na tangazo la benki lenye kosa la Kiingereza ambalo hata mimi nililiona. Yeye alikuwa amelielekea, na hakulisahihisha. Basi lilipokuja, lilikuwa la njia aliyokuwa akiiendesha mwenyewe. Alimwambia dereva "thank you" tu, akaenda kukaa. Mimi nilikaa nyuma yake. Hasira ilikuwa bado ipo, na juu yake kulikuwa na kitu kingine ambacho sikuwa na mzaha wa kukifunika.

Harusini tulikwenda, tukacheza, tukarudi. Fuoni alilala wiki sita kwenye nyumba ya ovataimu, na siku ya kuondoka alizima taa chumba kimoja kimoja akachelewa kutoka. Ndugu walimuuliza kama anarudi for good, na wakacheka, maana kisa nilikifikisha mimi. Na yeye alicheka pamoja nao.

Tulipofika Kilburn tulikuta barua ya ofisi. Kwa kuwa sasa tumeandikwa watu wenye tatizo la lugha, barua zetu zinakuja kwa Kiswahili, cha mtu gani sijui, labda cha mashine. Iliandika: "Mpendwa Mtejaji, tunayo furaha ya kukuambia kwamba pensheni yako imeyeyushwa." Nilitaka kucheka nikamsubiri. Mume wangu alikaa nayo mezani, akatoa kalamu nyekundu, akaanza kuisahihisha mstari kwa mstari, herufi zote zikilalia upande mmoja.

Nilimwashia taa. Kisha nikamuuliza lile nililokuwa nimelibeba tangu kituo cha basi.

"Kwa nini hukuniambia tu kwamba unataka kwenda?"

"Nilikwambia. Miaka minne nilikwambia."

"Ulikuwa unaniambia bei ya mkate."

Alikata neno, akaandika jingine juu yake. Hakuinua kichwa.

"La kweli ningekwambia, ungenicheka."

Nikafungua mdomo. La kumjibu lilikuwepo, kwangu huwa halikosekani, na lilikuwa zuri. Nikalimeza. Nikavuta kiti nikakaa upande wake, karibu, kama watu waliokuwa wakija na fomu zao.

"Niambie sasa," nikasema. "Sicheki."

Akamalizia mstari aliokuwa nao, akaupuliza wino ukauke, akaweka kalamu chini.